Amri Haina Miguu: Rais wa Marekani na Watumishi Wake

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba Rais wa Marekani ni mtu asiyezuilika. Kwamba akinena, limekuwa. Dhana hiyo husikika ndani ya matatu na katika mabaraza ya kahawa, nami nimeisoma mara nyingi katika insha za wanafunzi wa shule za upili. Sistaajabu sana. Katika somo la Historia na Serikali, mwalimu huchora ubaoni mihimili mitatu ya dola: Bunge hutunga sheria, Mahakama huzifasiri, naye Rais huzitekeleza. Kisha kengele hulia kabla hapajatokea mtu wa kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote. Rais huyo mmoja huzitekeleza vipi sheria za nchi yenye watu zaidi ya milioni 330? Kwa mikono ya nani? Kwa fedha za nani? Na mikono hiyo ikikataa, itakuwaje?

Nia yangu leo ni kulijibu swali hilo. Ninavyoamini, uwezo wa Rais wa Marekani haumo katika kalamu yake wala katika sauti yake, bali umo katika mamia ya maelfu ya watumishi wa umma ambao huichukua amri kutoka Ikulu ya White House na kuifikisha kwa mwananchi. Amri haina miguu. Hutembea kwa miguu ya watu. Ndiyo maana ugomvi mkubwa wa utawala wa nchi hiyo, tangu karne ya 18 hadi sasa, umekuwa huu: je, watumishi hao ni wa Rais, au ni wa sheria? Mimi nasema kwamba ni wa sheria kwanza, na ni wa Rais maadamu naye amesimama ndani ya sheria. Wala ugomvi huo si wa Wamarekani pekee. Mwaka wa 2025 ulitufikia sisi nasi, hadi milangoni mwa kliniki zetu.

Hebu tuanze na Katiba yenyewe, iliyoandikwa mjini Philadelphia mwaka wa 1787. Ibara yake ya Pili humkabidhi Rais mmoja mamlaka ya utekelezaji. Humfanya amiri jeshi mkuu. Humpa uwezo wa kuwasamehe waliovunja sheria za serikali kuu. Humruhusu kufanya mikataba na nchi za nje iwapo thuluthi mbili za maseneta waliohudhuria watakubali. Humpa haki ya kuteua mabalozi, majaji na maafisa wakuu kwa ushauri na idhini ya Seneti. Na humwagiza ahakikishe kwamba sheria zinatekelezwa kwa uaminifu. Ibara ya Kwanza nayo humpa kura ya turufu dhidi ya miswada ya Bunge la Congress, ila turufu hiyo yaweza kupinduliwa na thuluthi mbili za kila baraza.

Lakini mintarafu ya wizara, Katiba hiyo ni kama mtu aliyeulizwa swali akakohoa. Haisemi wizara ziwe ngapi wala ziitwe nani. Husema tu kwamba Rais aweza kuwataka wakuu wa idara wampe maoni yao kwa maandishi. Jinsi ya kuwateua maafisa imeelezwa. Jinsi ya kuwafuta kazi haikuelezwa, isipokuwa njia ile ndefu ya kushtakiwa mbele ya Seneti. Maneno machache ya waasisi, na kimya chao kirefu, ndivyo vilivyozaa mabishano ya zaidi ya miaka 200.

Kimya hicho kilijazwa na Bunge. Mwaka wa 1789 wabunge wa kwanza walitunga sheria za kuunda idara tatu: ya Mambo ya Nje, ya Vita na ya Hazina. Rais George Washington akawaweka Thomas Jefferson, Henry Knox na Alexander Hamilton kuziongoza, na pembeni yao akawa Mwanasheria Mkuu, Edmund Randolph. Baraza la mawaziri la watu wanne! Leo wizara ni 15. Ya mwisho kuundwa ni ile ya Usalama wa Ndani, iliyozaliwa kwa sheria ya mwaka 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na ambayo ilikusanya asasi 22 chini ya paa moja. Tazama basi kiti cha waziri kilivyo: Bunge hukichonga, Rais humchagua wa kukikalia, Seneti humkubali au humkataa, na mshahara wake hutoka katika mfuko ambao ufunguo wake umo mkononi mwa Bunge. Kiti ni kimoja, wenyewe ni wengi.

Marais nao, walipoona wizara zimekuwa kubwa kuliko upeo wa macho yao, walijijengea nyumba ya pili. Mwaka wa 1937 kamati iliyoundwa na Rais Franklin Roosevelt ilitoa rai kwamba Rais anahitaji wasaidizi wa kumwezesha kuisimamia serikali yake, na mwaka wa 1939 ikaundwa Afisi Tendaji ya Rais. Humo mlihamishiwa afisi ya bajeti, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1921 katika Wizara ya Fedha, na baadaye mkaongezwa Baraza la Usalama wa Taifa, lililoundwa mwaka 1947. Wengi wa washauri walio karibu kabisa na Rais hawapitii mbele ya Seneti. Mwanafunzi na alitie hilo maanani: mara nyingi mshauri asiyehojiwa na yeyote hulikaribia sikio la Rais kuliko waziri aliyehojiwa na Seneti nzima.

Pembeni mwa wizara kuna tume huru, kama vile Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyoundwa mwaka 1914, na Benki Kuu, iliyoasisiwa mwaka 1913. Bunge liliziweka tume hizi mbali kidogo na mkono wa Rais, kwa kuwapa wakuu wao vipindi maalumu vya kuhudumu ili wasiyumbishwe na upepo wa kila uchaguzi.

Chini ya wote hao ndipo walipo watumishi wa kawaida. Ukiacha wanajeshi na wafanyakazi wa posta, serikali kuu imekuwa na watumishi wapatao milioni mbili. Kati yao, walioingia kwa mlango wa siasa, yaani wale wanaoteuliwa na Rais au wasaidizi wake, ni takriban 4,000, na zaidi ya 1,000 miongoni mwao huhitaji idhini ya Seneti. Fanya hesabu, mwalimu, pamoja na darasa lako. Ni mteule mmoja kwa kila watumishi 500 hivi. Rais mpya huapishwa Januari 20, saa sita mchana; lakini mtaalamu wa hali ya hewa, mkaguzi wa nyama, mhasibu wa kodi na muuguzi wa hospitali ya wanajeshi wastaafu huamka kesho yake wakaendelea na kazi waliyoiacha jana.

Haikuwa hivyo tangu awali. Andrew Jackson alipoingia madarakani mwaka 1829, alitetea rai kwamba kazi za serikali ni nyepesi kiasi cha kufanywa na mtu yeyote mwenye akili timamu, na kwamba ni vyema zikazungushwa. Rai hiyo ilikuwa na sura ya usawa, kwa maana iliwafungulia watu wa kawaida milango iliyokuwa ya matajiri. Lakini matunda yake yalikuwa machungu. Kila chama kilichoshinda uchaguzi kiligawa kazi kama nyara za vita. Karani wa forodha na mkuu wa posta wa kijiji walifukuzwa ili kuwapisha waliopiga debe, na waliopewa kazi walitakiwa wakitolee chama sehemu ya mishahara yao.

Mwaka wa 1881 mfumo huo ulimwaga damu. Mtu aliyeitwa Charles Guiteau alijiaminisha kwamba hotuba yake ndiyo iliyomletea James Garfield ushindi, akadai azawadiwe kazi ya ubalozi mdogo jijini Paris. Aliponyimwa, alimpiga Rais Garfield risasi mnamo Julai 2 katika kituo cha gari moshi jijini Washington. Rais aliugua kwa wiki 11 akafariki dunia Septemba 19. Aliyemrithi, Chester Arthur, alikuwa mwenyewe ni zao la siasa za nyara, kwani alikuwa mkuu wa forodha katika bandari ya New York. Hata hivyo ni yeye aliyetia sahihi Sheria ya Pendleton, Januari 1883, iliyoamuru kwamba watu waajiriwe kwa mtihani wa ushindani na kwamba wasifukuzwe kwa sababu ya siasa. Mwanzoni sheria hiyo ilihusu takriban kazi moja tu katika kila kumi. Ikapanuka polepole, rais mmoja baada ya mwingine, hadi ikawa ndiyo kawaida.

Je, mwananchi alifaidika na nini? Nitatoa mfano mmoja ambao ningependa kila mwalimu awasimulie wanafunzi wake. Mnamo Septemba 1960 kampuni moja ya dawa iliwasilisha maombi kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ili iruhusiwe kuuza dawa iitwayo thalidomide, iliyokuwa ikitumika Ulaya kuleta usingizi na kutuliza kichefuchefu cha waja wazito. Faili hilo lilimwangukia Dkt. Frances Kelsey, daktari mzaliwa wa Kanada aliyekuwa ameajiriwa mwaka ule ule. Aliona kwamba ushahidi wa usalama wa dawa hiyo haukutosha. Kampuni ilipiga simu, ikatuma wajumbe, ikalalamika kwa wakubwa wake. Yeye akazidi kudai ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 1961 habari zilienea kutoka Ujerumani na Australia: maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa wakiwa na viungo vilivyodumaa, wengine bila mikono. Duniani kote waliodhurika walipita 10,000. Marekani, ambako dawa hiyo ilikuwa imegawiwa kwa majaribio tu, walikuwa wachache mno. Mwaka wa 1962 Rais Kennedy alimtunuku Dkt. Kelsey nishani, na Bunge likaimarisha sheria ya dawa.

Nani aliwaokoa watoto wale? Rais hakuwaokoa, kwa kuwa hakujua. Bunge halikuwaokoa, kwa kuwa halisomi mafaili ya dawa. Aliwaokoa mtumishi mmoja aliyeijua kazi yake na ambaye hakuwa na hofu ya kufutwa kwa kusema la. Tunalipenda neno urasimu kama tusi, na aghalabu linastahili. Lakini urasimu huo huo, ukiwa na elimu na ukinga wa sheria, ndio ngao ya asiye na mtetezi.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipolifurikisha jiji la New Orleans. Asasi ya kukabili majanga iliongozwa wakati huo na Michael Brown, mteule wa kisiasa ambaye kabla ya kujiunga na asasi hiyo mwaka 2001 alikuwa na cheo katika chama cha wafugaji wa farasi wa Kiarabu. Watu zaidi ya 1,000 walifariki, na ulimwengu uliwatazama raia wa taifa tajiri wakililia maji ya kunywa. Si haki kumtwika mtu mmoja lawama zote, kwani jimbo na jiji pia vilikuwa na makosa yao. Ila hapana shaka kwamba kazi ya kuokoa roho haijifunzwi siku ya gharika.

Nisije nikadhaniwa nawapamba makarani kwa sifa za malaika. Historia ya Marekani ina kurasa nyeusi zilizoandikwa na watumishi wa umma wenyewe, pasipo amri ya rais yeyote. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 waliokuwa na kaswende huko Tuskegee, Alabama, ili ione ugonjwa huo huwafanya nini. Hawakuambiwa wanachougua. Hata penisilini ilipokuwa imethibitika kuwa tiba, hawakupewa. Marais kadhaa walipita, mafaili yakajaa, mishahara ikalipwa. Naye J. Edgar Hoover aliiongoza idara ya upelelezi, FBI, tangu 1924 hadi alipofariki mwaka 1972, akawa na siri za wengi kiasi kwamba marais waliomwogopa hawakuthubutu kumwondoa. Wapelelezi wake ndio waliomwandama Martin Luther King kwa vinasa sauti. Ni baada ya hapo, mwaka 1976, ambapo Bunge liliweka kikomo cha miaka kumi kwa anayeshika cheo hicho.

Kwa hiyo mtumishi asiyewajibika ni hatari, na mtumishi anayetetemeka ni hatari pia. Ufumbuzi uliotafutwa na Wamarekani ni kumzungushia ua wa taratibu. Bunge linapoagiza kwamba hewa iwe safi, halisemi ni vumbi kiasi gani litakaloruhusiwa kutoka katika bomba la kiwanda. Wanaosema ni wataalamu wa serikali. Lakini kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1946, hawawezi kujifungia chumbani wakaamua. Yawapasa waitangaze kanuni wanayoikusudia, wapokee maoni ya umma, waeleze sababu zao, na wawe tayari kushtakiwa mahakamani. Kwa miaka 40 tangu 1984 majaji walikuwa wakiifuata tafsiri ya wataalamu hao pale sheria ilipokuwa na utata. Juni 2024 Mahakama ya Juu ilikitengua kikanuni hicho, ikasema kufasiri sheria ni kazi ya majaji. Hivyo ua huo husogezwa mara huku, mara kule, wala haujapata kutulia.

Sasa turudi kwa Rais na kalamu yake. Amri ya Rais inaweza kutenda makuu, ya heri na ya shari. Mwaka 1942, kwa amri moja ya Roosevelt, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia, waling'olewa majumbani mwao na kufungiwa kambini. Mwaka 1948, kwa amri moja ya Harry Truman, ilitangazwa kwamba wanajeshi weusi na weupe watatendewa kwa usawa. Lakini Truman huyo huyo alipotwaa viwanda vya chuma mwaka 1952, ili mgomo usije ukakwamisha vita vya Korea, Mahakama ya Juu ilimwambia kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba hana uwezo huo, kwa kuwa Bunge halikumpa. Aliviachia. Funzo ni wazi: amri ya Rais haizai sheria, hutembea juu ya sheria iliyopo, au juu ya Katiba, na pasipo kimojawapo huanguka.

Na hata amri ikiwa na pa kusimama, yahitaji mtu wa kuitii. Oktoba 1973, Rais Richard Nixon alimwagiza Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson amfute kazi mwendesha mashtaka maalumu aliyekuwa akichunguza kashfa ya Watergate. Richardson alikataa, akajiuzulu. Naibu wake, William Ruckelshaus, akakataa pia, akaondoka. Wa tatu kwa cheo, Robert Bork, ndiye aliyekubali. Amri ilitekelezwa, lakini viti viwili vilivyobaki vitupu viliwaambia wananchi zaidi ya ambavyo hotuba ingewaambia. Kabla ya mwaka kwisha tangu siku hiyo, Nixon alikuwa amejiuzulu.

Ndipo tunapofika kwenye kiini cha ugomvi: nani aweza kumfuta mtumishi? Andrew Johnson alishtakiwa mwaka 1868 kwa kumwondoa Waziri wa Vita kinyume cha sheria ya Bunge, akanusurika katika Seneti kwa kura moja tu. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Jaji Mkuu William Howard Taft, aliyekuwa mwenyewe rais wa zamani, iliamua kwamba Rais aweza kumfuta mkuu wa posta bila ridhaa ya Seneti. Miaka tisa baadaye mahakama hiyo iliweka mpaka. Roosevelt alikuwa amemfuta William Humphrey katika Tume ya Biashara, eti kwa sababu fikira zao hazilingani. Humphrey alifariki, lakini msimamizi wa mirathi yake aliendelea kuudai mshahara wake mahakamani, na mwaka 1935 majaji wote kwa kauli moja wakaamua kwamba mkuu wa tume kama hiyo hafutwi bila kosa. Mwaka 2020 Mahakama iliubana uamuzi huo. Machi 2025 Rais Donald Trump aliwafuta makamishna wawili wa tume iyo hiyo, na shauri likapanda tena hadi Mahakama ya Juu. Swali la mwaka 1789 bado linagonga mlango.

Yuko atakayeniuliza: kwani Humphrey alipigiwa kura na nani? Rais amechaguliwa na mamilioni. Karani hakuchaguliwa na mtu. Mwananchi akipiga kura ili mambo yabadilike, kisha makarani wakakaa kama mawe mtoni, demokrasia imebaki wapi? Hoja hii ni nzito, nami siidharau. Rais ana haki ya kuweka mwelekeo, kuchagua wakuu na kumwondoa mzembe. Lakini sheria nazo zilipigiwa kura. Wabunge walioziunda walichaguliwa na wananchi wale wale. Rais anapoapa, huapa kuilinda Katiba. Na Katiba humwagiza azitekeleze sheria zote kwa uaminifu, si zile zinazompendeza pekee. Mtumishi anayekataa amri halali ni mkaidi na afukuzwe. Mtumishi anayekataa amri haramu ndiye anayemtii yule aliyemchagua Rais.

Hilo huonekana wazi zaidi katika fedha. Katiba ya Marekani husema kwamba fedha hazitoki Hazina ila kwa sheria ya Bunge. Nixon alipozuia mabilioni yaliyokwisha kuidhinishwa, Bunge lilitunga sheria mwaka 1974 ya kumzuia Rais asikalie fedha kwa kuwa tu hazipendi kazi zake. Sheria hiyo ilirudi midomoni mwa watu mwaka 2025. Januari 20, siku aliyoapishwa, Rais Trump aliamuru misaada ya maendeleo kwa nchi za nje isitishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe. Shirika la USAID, lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961 na kutambuliwa na Bunge kwa sheria ya mwaka 1998, lilivunjwa katika miezi michache, na Julai 1, 2025 mabaki yake yakatiwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Wafanyakazi wake walifungiwa nje ya afisi, na kesi zikajaa mahakamani.

Kwetu Kenya habari hizo hazikuwa za magazetini tu. Mpango wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, kwa fedha za Bunge lao, ulikuwa umelipia dawa, maabara na mishahara kwa zaidi ya miaka 20. Amri ilipotoka, wahudumu wa afya waliachishwa kazi, vituo vingine vikafungwa, na wagonjwa wanaotegemea dawa za kupunguza makali ya virusi wakabaki na wasiwasi wa mwezi ujao. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kwamba nchi yetu ilikosea kuegemea ukuta wa jirani kwa muda mrefu hivyo, ni kweli, na ni mada ya siku nyingine. Ninachotaka kionekane leo ni kwamba swali la nani ana ufunguo wa Hazina jijini Washington liligeuka kuwa swali la kidonge huko mashinani.

Wala hatuwezi kujifanya watazamaji. Katiba yetu ya mwaka 2010 ilichota mengi katika kisima hicho. Tuliwatoa mawaziri Bungeni, tukaagiza wasipungue 14 wala kuzidi 22, na wahojiwe na Bunge la Taifa kabla ya kuapishwa. Tuliipa Tume ya Utumishi wa Umma kinga ya kikatiba. Basi ugomvi wa Wamarekani ni kioo chetu pia, na yafaa tujitazame humo tukiwa macho, tusije tukaazima kanzu bila kujua mishono yake ilifumuka wapi.

Nawaomba walimu wasiufute mchoro wa mihimili mitatu, bali wauongezee maswali matatu kila inaposikika kwamba rais fulani ameamuru jambo. Je, ni sheria gani iliyompa uwezo huo? Nani aliyeidhinisha fedha za kulitekeleza? Na anayetakiwa kulitenda, aweza kufutwa na nani, kwa kosa gani? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu maswali hayo amekwisha kuielewa serikali kuliko aliyekariri majina ya marais wote. Na wewe mwanafunzi unayeota kuajiriwa serikalini, jua kwamba huenda siku moja faili likakuangukia mezani kama lilivyomwangukia Dkt. Kelsey. Simu zitalia. Wakubwa watauliza kwa nini unachelewesha. Siku hiyo hakuna atakayekuuliza ulipata alama ngapi katika mtihani; utakachohitaji ni kuijua kazi yako, kuijua sheria, na kuwa na sheria iliyo tayari kukusimamia.